Wizara ya Nishati inatafuta nini kwenye jenomu za uyoga, na mbona mafuta ya mabua hayapo sheli?

SWALI: Nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita hapa Njombe. Mwanafunzi wangu alisoma mahali kwamba Wizara ya Nishati ya Marekani ina taasisi inayosoma jenomu za uyoga, mtama na bakteria wa tumbo la ng'ombe. Akaniuliza nishati na uyoga vinakutana wapi. Nikamjibu kwamba wanatafuta mafuta yatokanayo na mimea. Akanibana: mbona miaka yote hiyo mafuta yenyewe hayapo sheli? Hapo nikakwama. Naomba jibu la kueleweka, na kama kuna kitu cha kuwaonyesha darasani nitashukuru.

JIBU: Mwalimu, ulichomjibu ni sahihi. Kasoro yake ni ufupi, na mwanafunzi mwerevu akiona mwanya hauachi. Ngoja nikirefushe, nianze na hiyo wizara, maana hapo ndipo wengi hushangaa.

Taasisi anayoisema inaitwa Joint Genome Institute, na ukifuata asili yake unaishia kwenye bomu la atomu. Baada ya Hiroshima na Nagasaki, mwaka 1945, Marekani ilitaka kujua mionzi inazifanya nini jeni za binadamu na za watoto watakaozaliwa baadaye. Kazi hiyo ikapewa tume ya nishati ya atomu, na majukumu ya tume hiyo hatimaye yakaangukia Wizara ya Nishati ilipoundwa mwaka 1977. Ndiyo maana wizara inayoshughulika na umeme na mafuta ilikuwa na wataalamu wa jeni muda mrefu kabla ya fani hii kuvuma, na katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kusukuma wazo la kusoma jenomu nzima ya binadamu, yaani DNA yake yote. Mwaka 1997 ikaziunganisha maabara zake tatu, Lawrence Berkeley, Lawrence Livermore na Los Alamos, ikaanzisha taasisi hiyo California. Fungu lao katika mradi wa binadamu lilikuwa kromosomu ya 5, ya 16 na ya 19. Mradi ulipofikia ukingoni walibaki na mashine, mafundi na bajeti. Magonjwa yana wizara yake, kwa hiyo wao wakageukia viumbe wanaohusika na nishati, kaboni na usafishaji wa mazingira: mimea, kuvu, mwani, bakteria.

Sasa tuje kwenye uyoga. Chukua kipande cha msindano ukikaushe mpaka maji yote yaishe. Kinachobaki ni vitu vitatu hasa: selulosi, ambayo ni karibu nusu ya uzito, kisha hemiselulosi na lignini. Selulosi ni minyororo ya glukosi, sukari ileile iliyomo katika wanga wa ugali. Kinachotofautisha ni jinsi molekuli zilivyoshikana. Kiungo cha wanga kimeelekea upande ambao vimeng'enya vya mate yetu vinaufikia. Kiungo cha selulosi kimegeukia upande wa pili, minyororo ikalala sambamba na kubanana, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuikata. Juu ya hapo kuna lignini, iliyojipenyeza kila pembe. Haina mpangilio unaojirudia, kwa hiyo hata kiumbe mwenye vimeng'enya vizuri hapati mahali pamoja pa kuishika na kuendelea. Nishati ya jua iliyokusanywa na msitu mzima imekaa humo, na wanaojua kuitoa bila kuchoma moto ni kuvu na vijidudu. Hapo ndipo nishati na uyoga vinapokutana.

Kuvu maarufu kuliko zote katika kazi hii haioti hata kama uyoga. Ni ukungu wa kijani uitwao Trichoderma reesei. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani huko Pasifiki liliona mahema na vifaa vya pamba vikioza haraka ajabu. Pamba ni selulosi karibu tupu. Sampuli moja iliyotoka Visiwa vya Solomon ikapewa alama QM6a, herufi QM zikiwa kifupi cha kitengo cha ugavi cha jeshi hilo. Mwanzoni maabara za jeshi zilitaka kujua namna ya kuizuia. Baadaye Elwyn Reese na Mary Mandels, waliokuwa Natick, Massachusetts, wakaliona jambo kwa upande wa pili: kinachoozesha hema kinaweza kugeuza takataka kuwa sukari. Jina reesei limetokana na Reese. Leo vimeng'enya vinavyofifisha rangi ya jinzi, vinavyotumika kwenye karatasi na kwenye chakula cha mifugo, vingi vinatoka kwa kizazi cha ukungu ule wa hemani, na aina za viwandani hutoa zaidi ya gramu 100 za protini katika lita moja.

Jenomu yake ilipochapishwa mwaka 2008, watu walitegemea kuikuta imejaa jeni za selulasi, yaani vimeng'enya vinavyokata selulosi. Haikuwa hivyo. Ina jozi za besi, yaani herufi za DNA, milioni 34, jeni zaidi ya 9,000, na jeni za selulasi na hemiselulasi chache kuliko kuvu yoyote iliyokuwa imesomwa wakati huo yenye uwezo wa kuvunja ukuta wa seli ya mmea. Bingwa wa dunia ana zana chache! Ubingwa wake uko kwenye kiasi cha protini anachozalisha na kukitoa nje ya seli, na kwenye namna jeni zake zinavyowashwa na kuzimwa.

Hapo pana mfano mzuri sana wa darasani. Miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Rutgers kilizalisha aina iitwayo RUT-C30 kwa kuichoma kuvu hiyo kwa miale ya urujuanimno na kuitia kemikali, kisha kuchagua makoloni yaliyotoa vimeng'enya vingi. Hakuna aliyejua kwa ukamilifu ni nini kimebadilika ndani. Mwaka 2009 jenomu zililinganishwa, yakaonekana mabadiliko zaidi ya 200 ya herufi moja moja, pamoja na vipande vizima vilivyopotea. Mojawapo ya jeni zilizokatika, nayo ilikwisha kujulikana kabla, ni cre1. Porini, glukosi ikiwa tele, cre1 huzima utengenezaji wa selulasi; ina mantiki, maana kiumbe mwenye sukari mkononi hana haja ya kutumia protini kuitafuta. Kiwandani tabia hiyo ni hasara tupu, kwa sababu kadiri kazi inavyokwenda vizuri ndivyo sukari inavyoongezeka na kuvu inavyogoma. RUT-C30 haigomi. Kama wanafunzi wako wamechoshwa na opereni ya lac, ule mfano wa kila siku wa jeni za bakteria zinazowashwa na kuzimwa, wape hii.

Trichoderma, hata hivyo, haiwezi lignini. Kwa lignini inabidi uende msituni, na wewe uko mahali pazuri. Tafuta gogo lililooza chini ya misindano au mikaratusi. Likiwa jeupe, laini, linachambuka nyuzi nyuzi ukilivuta, hiyo ni kazi ya kuvu za uozo mweupe: zimeondoa lignini na kuacha nyuzi za selulosi, ingawa nyingi hatimaye hula vyote. Likiwa la kahawia, limepasuka vipande vya mraba na kusagika unga ukilifinya kwa vidole, hiyo ni kazi ya kuvu za uozo wa kahawia: zimekula selulosi na kuiacha lignini ikiwa imebadilishwa kidogo tu. Uozo wa kahawia huonekana zaidi kwenye miti jamii ya misindano. Waletee vipande vyote viwili darasani kabla hujasema neno lolote kuhusu jeni.

Jenomu ya kwanza ya kuvu wa kundi kubwa la uyoga kuchapishwa ilikuwa ya Phanerochaete chrysosporium, mwaka 2004, kuvu ya uozo mweupe. Ilikutwa na familia nzima ya jeni za peroksidasi, vimeng'enya vinavyoishambulia lignini kwa kuzalisha chembe zenye hamu kubwa ya elektroni, zinazovunja chochote zinachokigusa. Miaka mitano baadaye ikafuata Postia placenta ya uozo wa kahawia. Hiyo imepoteza karibu peroksidasi zote za aina hiyo, na hata selulasi nyingi za kawaida hazipo, lakini inabomoa nyumba za mbao Marekani bila shida. Inatumia kemia ya chuma na peroksidi ya hidrojeni, molekuli ndogo zinazopenya mahali ambapo kimeng'enya hakipiti. Kwa hiyo asili imeshatatua tatizo la mbao kwa njia mbili zisizofanana, na ya pili tusingeielewa vizuri bila kuona kilichokosekana kwenye jenomu.

Mwaka 2012 timu kubwa ililinganisha jenomu 31 za kuvu na kukadiria kwamba peroksidasi za lignini zilianza takribani miaka milioni 290 iliyopita, karibu na mwisho wa enzi iliyoweka makaa mengi ya mawe. Wakapendekeza kwamba ujio wa kuvu hizo huenda ulichangia kupunguza makaa. Magazeti yalilipenda wazo hilo, nami sishangai. Lakini mwaka 2016 watafiti wengine walilipinga kwa hoja nzito: mimea mingi iliyounda makaa hayo haikuwa na lignini nyingi kiasi hicho, na mabonde yaliyokuwa yakididimia na mvua nyingi vinatosha kueleza makaa yalivyojikusanya. Mimi naegemea upande wa wapinzani. Peroksidasi zina historia ya kuvutia hata bila makaa ya mawe kubebeshwa juu yake.

Kuhusu ng'ombe, utafiti ambao mwanafunzi wako huenda aliusoma ni wa mwaka 2011. Walichukua majani ya nyasi iitwayo switchgrass, wakayatia kwenye mifuko ya nailoni, wakaitumbukiza katika tumbo la kwanza la ng'ombe, lile kubwa linalopokea majani kabla hayajacheuliwa. Ng'ombe hao walikuwa na tundu lililotengenezwa ubavuni na kuzibwa kwa kizibo, kwa hiyo mkono uliingia na kutoka bila kuwachinja. Baada ya saa 72 wakaitoa mifuko na kusoma DNA ya kila kilichokuwa kimeng'ang'ania nyasi, bila kukiotesha maabara kwanza. Walipata besi bilioni 268, na humo jeni 27,755 zilizoonekana kama za kushughulikia wanga na selulosi. Walipozitengeneza protini 90 kati ya hizo na kuzipima, zaidi kidogo ya nusu zilifanya kazi. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Kompyuta ikisema jeni fulani ni selulasi, bado ni dhana mpaka mtu aitengeneze na kuiwekea selulosi mbele. Jenomu inakupa orodha ya washukiwa. Ushahidi unatafutwa mezani, polepole.

Mwaka 2007 walikwisha kufanya jambo kama hilo kwa mchwa wa Kosta Rika wanaokula mbao kwa msaada wa bakteria. Mchwa wetu wa vichuguu vikubwa wana mbinu nyingine: wanalima kuvu ndani ya kichuguu, na uyoga unaochipuka juu yake mvua zikianza, ule tunaouchuma, ni wa kuvu hiyohiyo.

Mimea nayo ilisomwa kwa sababu upande wa pili wa tatizo ni malighafi: mti uitwao mpopla mwaka 2006, ukiwa mti wa kwanza kabisa kusomwa jenomu, mtama mwaka 2009, mkaratusi wa aina ya Eucalyptus grandis mwaka 2014. Mtama asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Afrika, unavumilia ukame, na jenomu yake ya besi milioni 730 hivi ni theluthi tu ya ile ya mahindi, jambo linalorahisisha kutafuta jeni.

Basi, swali lenyewe: mbona hayapo sheli? Kwanza mwanafunzi ajue kwamba ethanoli ipo sheli nchi nyingi, Brazili ikitumia miwa na Marekani mahindi. Hiyo inatokana na sukari na wanga, yaani sehemu rahisi ya mmea, ambayo pia ni chakula. Kilichoahidiwa na hakikuja kwa wingi ni mafuta ya selulosi: ya mabua, nyasi na mbao. Sheria ya Marekani ya mwaka 2007 ililenga galoni bilioni 16 za mafuta hayo kwa mwaka ifikapo 2022. Hawakufika hata karibu. Kiwanda kikubwa kilifunguliwa jimbo la Iowa mwaka 2015, kimejengwa kuzalisha galoni milioni 30 kwa mwaka kutokana na mabua ya mahindi. Miaka miwili baadaye mwenye nacho akatangaza kujitoa.

Sababu ziko nyingi, na chache ndizo za kijeni. Kimeng'enya hakiwezi kuanza kazi kwenye bua zima. Lazima bua lipikwe kwanza kwa joto na mgandamizo, mara nyingi pamoja na asidi au alkali, na mitambo ya kufanya hivyo mfululizo inaliwa na kutu na kuzibwa. Mabua yanakuja na mchanga na mawe kutoka shambani. Ni mepesi lakini yanajaza lori, kwa hiyo unalipia dizeli kusafirisha hewa, na yakilowa yanaoza kabla ya kufika. Halafu bei: pipa la mafuta ghafi lililokuwa juu ya dola 100 katikati ya mwaka 2014 lilishuka chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, wakati uleule viwanda hivyo vilipokuwa vinafunguliwa. Hakuna jenomu inayotibu hilo.

Mahali ambapo jeni zilisaidia kweli ni kwenye sukari ya pili. Hemiselulosi ikivunjwa hutoa zailosi, sukari yenye kaboni tano, na hamira ya kawaida ya mkate na bia haiichachushi. Kuna hamira nyingine, iliyokuwa ikiitwa Pichia stipitis, ndugu za zile zinazoishi matumboni mwa mende watoboa mbao, ambayo huichachusha vizuri. Jeni zake zilikuwa zimekwisha kupandikizwa kwenye hamira ya kawaida, na jenomu yake ya mwaka 2007 ikaonyesha zilizobaki kwenye mnyororo huo wa kemia. Kwa hiyo mwambie mwanafunzi wako hivi: walioahidi kwamba mafuta ya mabua yatafika sokoni baada ya miaka michache waliipima kazi ya kuvu na kusahau kazi ya lori, bomba na soko. Wanasayansi wenyewe wana lawama kidogo hapo, maana ahadi hizo ziliwasaidia kupata fedha.

Neno "mazingira" nililolitaja mwanzoni nalo si pambo. Mwaka 2004, kwenye mgodi wa zamani wa Iron Mountain, California, walisoma DNA ya utando wa bakteria unaoelea juu ya maji yenye asidi kali sana, wakaweza kuunganisha jenomu mbili karibu kamili bila kuwaotesha viumbe hao. Njia hiyo ndiyo iliyozaa masomo ya udongo, bahari na matumbo tunayoyaona leo. Na kuna Laccaria bicolor, uyoga unaoishi na mizizi ya miti, uliosomwa mwaka 2008: karibu hauna vimeng'enya vya kuvunja ukuta wa seli za mmea, kwa sababu analishwa na mti na hana sababu ya kuubomoa. Misindano yenu ya Njombe haistawi bila kuvu za aina hiyo. Ilipoletwa Afrika mara za kwanza, miche ilidumaa vitaluni mpaka udongo wenye kuvu hizo ulipochanganywa.

Kinachotugusa kwa karibu zaidi ni muhogo. Miaka ya 1930, kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, kilizalisha mihogo kwa kuichanganya na ndugu yake wa porini, mti wa mpira uitwao Manihot glaziovii, ili kupata ukinzani dhidi ya ugonjwa wa batobato. Mwaka 2016 jenomu za mihogo mingi zilipolinganishwa, na watafiti wa taasisi hii wakiwamo, vipande vya kromosomu vya mti ule wa mpira vilionekana bado vimo katika mihogo inayolimwa Afrika leo. Wakulima wameipanda na kuigawa vipandikizi kwa vizazi bila kujua wanabeba jeni za Amani.

Sasa la darasani. Taasisi hiyo ina tovuti mbili za wazi, MycoCosm kwa kuvu na Phytozome kwa mimea. Mpe mwanafunzi wako kuvu tatu: Trichoderma reesei, Phanerochaete chrysosporium na Postia placenta. Kwa kila moja atafute jeni za peroksidasi za lignini na jeni za selulasi, aandike idadi kwenye jedwali, kisha aweke jedwali lake pembeni ya vile vipande viwili vya gogo na aseme ni kipi kimeoza kwa mikono ya nani. Aina za viwandani na za porini za Trichoderma zipo zote, akitaka aitafute cre1 mwenyewe alinganishe. Kwa kupakua mafaili ataombwa kujisajili, na ni bure. Mfuatano mzima wa Trichoderma, kwa kuwa kila herufi huhifadhiwa kwa baiti moja, ni megabaiti 34 hivi kabla ya kubanwa, kwa hiyo bando la kawaida linatosha.